Maswali ya Wasomaji: Vipele Vinawasha, Mtoto Halali

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu watoto wanaojikuna, na nyingi kati ya hizo ni tetekuwanga. Tumechagua chache zinazowakilisha nyingine. Majibu ni kwa mtoto aliyevuka mwaka mmoja na ambaye kabla ya hapo alikuwa na afya yake. Kwa mtoto mchanga, mjamzito au mwenye kinga dhaifu mambo ni tofauti, na tumeyaeleza karibu na mwisho.

Binti yangu wa miaka minne ana tetekuwanga tangu juzi. Mchana anacheza vizuri, lakini ikifika saa mbili usiku anaanza kujikuna mpaka saa nane. Kituo cha afya walinipa paracetamol ya maji pekee. Hakuna dawa ya kuwasha? – Mama, Busia

Mama, walichokupa ni sawa, ila hawakukueleza kwamba paracetamol ni ya homa na maumivu. Muwasho haiugusi. Tetekuwanga husababishwa na virusi, na kwa mtoto mwenye afya mwili wenyewe huvimaliza. Kazi ya nyumbani ni kumpunguzia muwasho na kuzuia kucha zisichane ngozi, kwa sababu matatizo mengi ya tetekuwanga huingia kupitia mikwaruzo.

Anza na joto. Ngozi ikipata moto, muwasho unapanda, na ndiyo maana usiku ni mbaya kuliko mchana: yuko chini ya blanketi, na hana mchezo wa kumsahaulisha. Vua sweta na nguo za kulalia za nailoni. Mvishe fulana kubwa ya pamba iliyochakaa, na badala ya blanketi la manyoya mpe shuka au leso. Godoro lililofunikwa plastiki hutoa jasho mgongoni, mahali ambapo vipele ni vingi kuliko popote, kwa hiyo tandika shuka nene juu yake. Sigiri isiingie chumbani. Chandarua kibaki, hata akilalamika, maana kuumwa na mbu juu ya tetekuwanga ni muwasho mara mbili, na malaria haisubiri apone. Mchana, chini ya bati, chumba huwa tanuri kuanzia saa sita. Afadhali mkeka kivulini nje.

Saa moja kabla ya kulala muogeshe kwa maji ambayo ukichovya kiwiko huyasikii kuwa ya moto wala baridi. Ukiweza kupata oti, ile ya uji inayouzwa kwa pakiti, isage mpaka iwe unga laini kabisa. Ijaribu: kijiko kimoja kwenye glasi ya maji kigeuze maji yawe kama maziwa. Ikizama chini kama mchanga, haijasagika, na haitasaidia ngozi. Kwa beseni la lita 20 weka vijiko vikubwa vinne au vitano, koroga, kisha akae humo dakika 10 hadi 15 huku ukimmwagia mgongoni kwa kikombe. Mshike vizuri, maji hayo yanateleza. Asiyetaka kusaga aifunge oti ndani ya soksi safi, ailoweke, aikamue juu ya vipele. Sabuni itumike makwapani na sehemu za siri tu, na iwe isiyo na manukato. Mkaushe kwa kumgusagusa na taulo. Ukisugua umemkuna wewe mwenyewe. Magadi ya kulainishia maharage si badala ya oti. Ni makali na huchoma ngozi iliyopasuka.

Baada ya hapo paka losheni ya kalamini, ile ya rangi ya waridi. Tikisa chupa sana, kwa kuwa dawa yenyewe hukaa chini na juu huwa maji matupu. Tumia pamba, gusa kila kipele, mara tatu au nne kwa siku, lakini si machoni, mdomoni wala kwenye kidonda kibichi. Kosa la kawaida ni kupaka tabaka juu ya tabaka siku tatu bila kuosha. Losheni hukauka kama udongo, huvuta ngozi, na mtoto huwashwa zaidi. Osha ya zamani kwanza. Soma pia lebo: zipo losheni za kalamini zilizochanganywa na dawa ya mzio. Hizo ziache, kwa sababu dawa hiyo hupenya ngozi iliyopasuka, na ukiongeza ya kunywa, kipimo kimezidi.

Kwa usingizi, ipo dawa ya mzio ya kunywa. Klofeniramini, ambayo wengi huiita Piriton, ikiwa ni ya maji yenye miligramu 2 katika mililita 5, mtoto wa umri wa binti yako hupewa mililita 2.5, nusu saa au saa moja kabla ya kulala. Inaweza kurudiwa baada ya saa 4 hadi 6, lakini kwa mtoto wa miaka miwili hadi mitano jumla isizidi miligramu 6 kwa siku nzima. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe, na wa kati ya mwaka mmoja na miwili apewe kwa ushauri wa mhudumu. Angalia chupa ya dawa ya mafua uliyo nayo kabatini: nyingi zina klofeniramini hiyo hiyo ndani. Mzazi anampa hii ya kuwasha, bibi anampa ile ya kikohozi, na asubuhi mtoto haamki vizuri.

Kata kucha baada ya kuoga zikiwa laini, fupi na zisizo na ncha, na mnawishe mikono kwa sabuni kila mara. Mtoto wa miaka miwili avishwe soksi mikononi usiku. Wa miaka minne anaelewa akifundishwa kubonyeza kipele kwa kiganja au kukipigapiga polepole. "Usijikune" pekee haifanyi kazi hata kwa mtu mzima. Akiamka saa nane analia, kitambaa kilicholoweshwa maji baridi na kukamuliwa, dakika 10 kwenye sehemu inayosumbua, humtuliza haraka kuliko kitu kingine chochote. Barafu usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi.

Vipele vipya huendelea kutoka kwa siku tatu hadi tano, hivyo usidhani umekosea ukiona vingine asubuhi. Muwasho hupungua vinapoanza kukauka.

Mama mkwe amekataza mtoto asiguswe na maji, anasema ugonjwa utarudi ndani. Anataka tumpanguse kwa waragi. Jirani naye ameleta dawa za kyogero, mitishamba ya kumwogeshea mtoto. Nimsikilize nani? – Kisenyi, Kampala

Kwa heshima zote kwa wazee, maji hayarudishi tetekuwanga ndani. Virusi tayari vimo ndani tangu wiki mbili zilizopita. Vipele ndiyo dalili ya mwisho kufika. Mtoto asiyeogeshwa siku saba katika joto la Kisenyi hubaki na jasho na bakteria juu ya ngozi yenye mamia ya vitundu. Ukitaka amani nyumbani, mwambie mama kwamba maji hayatakuwa baridi, na kwamba mtoto hatakaa penye upepo akiwa amelowa. Mara nyingi hofu yao kubwa ni hiyo.

Waragi hapana. Inachoma, inakausha ngozi, na kinachotangulia kuwa ubaridi mtamu kwa dakika mbili hurudi kuwa muwasho mkali zaidi. Tena pombe hupenya ngozi ya mtoto, hasa iliyopasuka, na inaweza kumshusha sukari mwilini mpaka akalegea au kupata degedege. Spiriti, mafuta ya taa na dawa ya meno viwe kwenye orodha hiyo hiyo.

Kyogero ni suala la mchanganyiko. Hakuna anayejua kilichomo kwenye kila fungu, maji yake hayachemshwi kila mara, na udongo au majani yaliyosagwa hubaki ndani ya malengelenge yaliyopasuka. Subiri mpaka vigaga vyote vidondoke. Wakati huo mama mkwe amwogeshe nayo anavyotaka. Kumnywesha ni jambo lingine, na hilo hatulishauri kabisa.

Duka la dawa waliniuzia amoksilini, ibuprofeni na krimu ya betamethasoni, shilingi nyingi. Mtoto ana miaka sita, tetekuwanga siku ya pili. Nianze na ipi? – Baba, Arua

Usianze na yoyote.

Amoksilini huua bakteria, na hapa hakuna bakteria mpaka vidonda vitunge usaha. Krimu ya betamethasoni ni steroidi: hupunguza kinga ya ngozi pale pale virusi vinapofanya kazi. Ibuprofeni ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi, kwa sababu kwa wagonjwa wa tetekuwanga imehusishwa na maambukizi mabaya ya bakteria kwenye ngozi na nyama ya chini yake. Na aspirini isitajwe kabisa. Kwa mtoto mwenye tetekuwanga inaweza kuleta ugonjwa wa Reye, unaoharibu ini na ubongo. Baadhi ya vidonge vya maumivu vinavyouzwa kimoja kimoja vina aspirini bila mnunuzi kujua, kwa hiyo kidonge kisicho na karatasi yake ukirudishe.

Ukiona ana homa, tumia paracetamol: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara nne kwa saa 24. Mtoto wa kilo 20 anahitaji miligramu 200 hadi 300. Kwa dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5, mililita 10 inatosha. Pima kwa sirinji au kikombe cha dawa. Vijiko vya chai havilingani. Na kabla ya kuilaumu tetekuwanga kwa homa yote, pimeni malaria. Kwa kipimo cha haraka, mhudumu wa afya wa kijiji, VHT, ana uwezo wa kupima, na magonjwa haya mawili hukaa kwa mtoto mmoja bila kugombana.

Nina watoto wanne na mmoja ana tetekuwanga. Wifi anasema niwalaze kitanda kimoja ili wamalize wote likizo hii. Na huyu wa kwanza arudi shule lini? – Bombo

Usiwalaze pamoja makusudi. Ni kweli kwamba kati ya ndugu wasiowahi kuugua, karibu wote wanaoishi nyumba moja huambukizwa, na mgonjwa huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya kipele cha kwanza. Ulipogundua, pengine wenzake walikuwa wamekwisha kuambukizwa. Lakini anayepata kutoka kwa ndugu wa nyumbani mara nyingi hutoka vipele vingi kuliko yule aliyeleta ugonjwa, na wazazi hudhani wa pili ni dhaifu. Kuwabananisha kitandani ni kuongeza mzigo bila faida. Hata hesabu ya likizo itakushinda: ugonjwa hujificha siku 10 hadi 21, hivyo wengine huenda wakaanza wiki ya kwanza ya muhula.

Wa kwanza atarudi shule vipele vyote vikiwa na kigaga kikavu na hakuna kipya, kwa kawaida siku ya tano hadi ya saba. Kigaga kikavu hakiambukizi. Kama yuko bweni, mwombe matroni asimrudishe kwenye kitanda cha pamoja kabla ya hapo, na wewe usikubali aondoke nyumbani akiwa amepakwa poda kuficha vipele.

Chanjo ya tetekuwanga haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto nchini Uganda. Kliniki kadhaa binafsi Kampala huitoa, kwa malipo, kuanzia mwaka mmoja.

Tangu mpox iingie kwetu, kila mtoto mwenye kipele anakimbiwa. Nitatofautishaje na tetekuwanga na surua? – Kasese

Hofu yenu inaeleweka: wagonjwa wa kwanza waliothibitishwa nchini katika mlipuko wa mwaka 2024 walipatikana Kasese, kwa hiyo kuangalia kwa makini ni sawa. Kumkimbia mtoto si sawa.

Tetekuwanga huanza kifuani, mgongoni au usoni, na hutoka kwa mafungu. Alama yake kubwa ni mchanganyiko: ukiangalia sehemu moja ya mgongo utaona kipele chekundu, lengelenge lenye maji safi na kigaga, vyote kwa pamoja. Lengelenge ni jepesi, kama tone la maji lililokaa juu ya ngozi. Mpox huwa na vipele vigumu, vilivyozama, vingi vikiwa katika hatua moja kwa wakati mmoja. Hupenda uso, mikono, miguu, hata viganja na nyayo, na wakati mwingine sehemu za siri. Tezi za shingoni, kwapani au kwenye kinena huvimba, jambo ambalo si la kawaida kwenye tetekuwanga. Surua haina malengelenge: ni homa kali, kikohozi, mafua na macho mekundu kwa siku kadhaa, ndipo vipele bapa huanzia nyuma ya masikio na kushuka. Surua hukuonyesha mtoto anayeumwa kweli. Kadi ya chanjo itakuambia kama alipata dozi ya miezi tisa na ya miezi kumi na minane.

Tofauti hizi husaidia kukisia, hazithibitishi. Ukiona viganja, tezi au mtu mzima nyumbani mwenye vipele kama hivyo, piga simu ya bure ya Wizara ya Afya, 0800-100-066, au mwite VHT kabla ya kupanda naye bodaboda.

Hapa kwetu Nakivale watoto watatu wanajikuna kila usiku kwa mwezi wa pili sasa. Kalamini imeisha chupa mbili. Mimi mwenyewe nimeanza. – Mama

Mama, tetekuwanga haikai miezi miwili. Muwasho wa usiku, nyumba nzima, polepole mmoja baada ya mwingine, ni upele wa utitiri mpaka ithibitishwe vinginevyo. Chungulia katikati ya vidole, kwenye viwiko vya mkono, kiunoni na matakoni. Kwa watoto wadogo angalia pia nyayo.

Kalamini haiui utitiri. Dawa ni losheni ya benzili benzoati au krimu ya permethrini ya asilimia 5. Benzili benzoati ya asilimia 25 ni ya watu wazima. Kwa mtoto wa miaka 2 hadi 12 huchanganywa na maji safi, kipimo kwa kipimo, la sivyo itamuunguza na atakataa mara ya pili. Aliye chini ya miaka 2 apelekwe kituo cha afya, wampimie wao. Hupakwa mwili mzima kuanzia shingoni mpaka unyayoni, ngozi ikiwa kavu, ikiwemo chini ya kucha na katikati ya makalio, na huachwa saa 24. Akinawa mikono, paka tena mikononi. Permethrini huachwa saa 8 hadi 14, na hurudiwa baada ya wiki moja au mbili.

Wengi hushindwa hapa: wanampaka mtoto anayelia zaidi, wengine wanasubiri. Pakeni wote siku moja, na baba pia, hata asiyewashwa, kwa sababu utitiri hukaa wiki kadhaa mwilini kabla muwasho haujaanza. Nguo na mashuka ya siku tatu zilizopita yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Blanketi lisilofulika lifungwe ndani ya mfuko wa plastiki siku tatu. Muwasho unaweza kuendelea wiki mbili hadi nne baada ya utitiri kufa. Usipake dawa kila siku ukidhani haijafanya kazi. Ukipaka kila siku, dawa yenyewe ndiyo itakayowasha.

Mtoto wangu wa kwanza ana tetekuwanga, na nina kichanga cha wiki mbili. Je, nikimpaka kalamini kichanga mapema itamkinga? – Busia

Hapana, dada, na swali hili halisubiri toleo lijalo. Nenda kituo cha afya daraja la IV au hospitali leo, na ueleze kama wewe uliwahi kuugua tetekuwanga. Uliyewahi, kichanga kina kinga yako kwa miezi ya mwanzo. Usiyewahi, au uliyetokwa na vipele karibu na siku ya kujifungua, mtoto anaweza kuumwa vibaya. Mjamzito asiyewahi kuugua, mtoto mwenye virusi vya UKIMWI, mwenye utapiamlo mkali na anayetumia steroidi za kunywa nao wasitibiwe nyumbani. Kuna dawa ya virusi, asiklovia, na hufaa zaidi ikianza ndani ya saa 24 tangu kipele cha kwanza.

Kwa watoto wengine wote, mpelekeni kituoni upesi mkiona mojawapo ya haya: homa iliyoondoka kisha ikarudi, au iliyozidi siku nne, kipele kilichovimba, chenye moto na maumivu au usaha, kupumua kwa shida, kutapika mfululizo, shingo kukakamaa, kuyumba akitembea, kusinzia kupita kawaida, au kukataa kunywa. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu, hutauona. Weka mgongo wa mkono wako: sehemu iliyoambukizwa ni ya moto, ngumu, inang'aa, na imekuwa nyeusi zaidi ya ngozi iliyo jirani.

Vidonda vya mdomoni vinamzuia kula. Tufanyeje? – Kampala

Mpe vitu baridi na laini: maziwa, uji uliopoa, matoke yaliyopondwa bila chumvi nyingi, ndizi mbivu. Nanasi, pasheni na machungwa viache wiki hii. Chakula kikipungua siku mbili tatu si neno. Maji yakipungua ndiyo shida. Tumia sirinji au kijiko, kidogo kidogo kila dakika chache, na uangalie kama anakojoa.

Amepona lakini amebaki na madoa meusi usoni. Krimu gani itayaondoa? – Arua

Hakuna ya kununua. Madoa bapa hufifia yenyewe kwa miezi kadhaa, na krimu za kujichubua zenye haidrokwinoni au zebaki zitamwachia ngozi mbaya kuliko madoa. Paka jeli ya kawaida isiyo na manukato asubuhi na jioni, na kofia juani. Vishimo ni habari nyingine: hivyo hutokana na vigaga vilivyobanduliwa kabla ya wakati au vidonda vilivyotunga usaha, na havifutiki vyote. Kigaga kilichobaki, hata kimoja pembeni ya pua, kiacheni kidondoke.